Lubarika: Klavie ya kamba, ipi ya kazi na ipi ya mchezo?

LUBARIKA, Uvira – Kwa kijana mwenye sekretaria kijijini, klavie ndiyo jembe lake. Herufi moja ikikataa, ombi la kazi linasimama, TFC ya mwanafunzi inachelewa, na mteja anapanda pikipiki kwenda Luvungi. Kabla ya kutoa pesa Uvira ao Bukavu, inafaa kujua nini kinauzwa kwa jina la klavie ya makanika.

Klavie za bei ya chini zina utando mmoja wa plastiki chini ya herufi zote. Ukiharibika, mara nyingi klavie nzima inatupwa. Kwenye klavie ya makanika, kila herufi ina swichi na springi yake. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani, iliyoanza kutengeneza swichi za MX miaka ya 1980, inasema MX Red inavumilia kubonyezwa zaidi ya mara milioni 100. Swichi moja ikifa, fundi anabadilisha hiyo tu.

Rangi ya swichi ndiyo inatenganisha kazi na mchezo. Nyekundu inashuka laini, bila kikwazo. Wachezaji wanaipenda kwa kubonyeza haraka haraka. Ya bluu inalia kila herufi, na ndani ya chumba kidogo chenye wateja kelele hiyo inachosha. Ya kahawia ina kigongo kidogo kinachojulisha kidole kwamba herufi imeshika, bila mlio mkubwa. Kwa anayechapa kurasa nyingi kila siku, hiyo inafaa zaidi.

Kamba nayo ina faida: haihitaji betri ya pembeni. Lakini inakula umeme wa ordinatere. Mlango wa USB 2.0 unatoa hadi wati 2.5, na taa za rangi zinazopendwa na wachezaji zinachota humo humo. Anayetegemea umeme wa jua azizime.

Jambo linalosahaulika ni mpangilio wa herufi. Kongo imezoea AZERTY, kwa sababu barua za serikali ni za Kifaransa, na é, è, ç na à zina vitufe vyake. Klavie zinazotoka Tanzania mara nyingi ni QWERTY: A na Q zinabadilishana nafasi, Z na W vilevile, na M inahama. Ordinatere inaweza kurekebishwa, lakini maandishi juu ya vitufe yanabaki yale yale.

Kwa Kiswahili, QWERTY inaweka A, herufi tunayoitumia sana, kwenye mstari ambapo vidole vinapumzika. AZERTY inaweka hapo Q, ambayo Kiswahili hakiihitaji. Mwenye kuandika Kifaransa kila siku abaki na AZERTY.

Mbele ya muuzaji, mnunuzi aombe klavie ichomekwe, abonyeze herufi zote moja moja, na aulize kama vifuniko vinang'oka. Wakati wa kiangazi, vumbi la tambarare ya Ruzizi litahitaji brashi.