Maziwa Hayafiki Mapafuni

Juzi, kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder, kijana wa krasha ya mawe aliniuliza lile lile ninaloulizwa Osiri, Masara na kwa akina mama wanaogonga kokoto Homa Bay: "Daktari, ile mashine ya nyutroni ya kupima vumbi kifuani italetwa lini, tujue maziwa yameosha kiasi gani?"

Mashine kwanza, upesi. Nyutroni zenye kasi zikigonga silikoni iliyomo kwenye vumbi la mawe huigeuza alumini-28, ambayo nusu yake huisha kwa dakika mbili na ushee ikitoa mwale wa gama wa MeV 1.78. Unahesabu miale, unakadiria silikoni. Ila fosforasi ya mbavu nayo huzaa alumini hiyo hiyo, na mashine haitofautishi vumbi la mawe ya dhahabu na la udongo wa kawaida. Ni kazi ya maabara, si ya zahanati. Tena ingehesabu vumbi tu, kovu la mapafu isingeliona.

Sasa maziwa. Yanapita kwenye umio hadi tumboni, basi. Njia ya hewa ni nyingine, na ukimeza hufunikwa. Tone moja likikosea njia unakohoa hadi machozi. Lita nzima ingepitaje usijue? "Lakini nikinywa natema makohozi ya kijivu!" Hilo ni vumbi nene lililonasa kooni, utalitema hata kwa maji, hata bila kunywa kitu. Linaloua halionekani: chembe zisizozidi maikromita 4, na unywele wako una kama 70. Hizo hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa. Seli mlinzi humeza chembe, hufa, huiachilia, nyingine huimeza, nayo hufa. Kinachobaki ni kovu, na huendelea kukua hata baada ya kuacha kazi. Maziwa yafanye nini hapo? Mwenye krasha anayegawa pakiti za maziwa badala ya kulowesha mawe amepata tu njia rahisi ya kuwanyamazisha.

Haya, ya kufanya: lowesha mawe kabla ya kuyaponda. Vaa barakoa ya N95, si leso, na ndevu huiachia mwanya. Nguo za kazi zisifike kitandani kwa mtoto. Acha sigara. Vumbi hili huikaribisha TB, na mwenye VVU yuko hatarini zaidi, kwa hiyo ukiwa na kikohozi kisichoisha peleka makohozi yakapimwe, kisha upigwe eksirei ya kifua. Na umwambie daktari kwamba unasaga mawe, maana makovu ya vumbi kwenye picha hufanana sana na TB, na wapo waliomeza dawa za miezi sita kwa ugonjwa wasiokuwa nao.