Mpira wa Mafuta wa Pikipiki: Kemia Iliyo Chini ya Tangi

Kati ya koki ya tangi na kabureta ya pikipiki hupita mpira mwembamba ambao mara nyingi haufikii urefu wa sentimita 30. Kazi yake ni kupitisha petroli bila kuivujisha, huku ukipinda na kutikisika pamoja na injini. Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, mpira huo hauna maisha mepesi. Bodaboda hushinda juani kijiweni, hubebeshwa magunia msimu wa pamba unapofunguliwa, na hupita njia za udongo mweusi wa mbuga ambao kiangazi hukauka, ukapasuka na kuacha makorongo ya kutikisa kila kilichofungwa kwenye fremu. Mpira huchoka na hubadilishwa. Tatizo huanzia dukani, kwenye kuchagua wa kuweka mahali pake.

Wanunuzi wengi huubonyeza kwa vidole wakitafuta ulio mnene na mgumu. Kipimo hicho kina faida ndogo. Pikipiki nyingi za biashara, zikiwemo Boxer, TVS na SanLG, zina kabureta, na petroli hushuka yenyewe kwa uzito wake. Lita moja ya petroli ina uzito wa kilo 0.74 hivi. Ikisimama kwa kimo cha sentimita 30, shinikizo lake chini ni takriban kilopaskali 2.2, karibu sehemu moja tu ya mia ya upepo unaojazwa kwenye tairi la nyuma. Hata mpira dhaifu hauwezi kupasuliwa na nguvu hiyo. Kinachoumaliza ni petroli yenyewe.

Petroli ni mchanganyiko wa hidrokaboni, yaani molekuli za kaboni na hidrojeni. Mpira asilia, unaotokana na utomvu wa mti wa Hevea brasiliensis, nao ni hidrokaboni, ila molekuli zake ni minyororo mirefu sana. Vitu vya jamii moja huchanganyika kwa urahisi, hivyo molekuli za petroli hupenya katikati ya minyororo na kuisukuma iachane. Salfa iliyotiwa kiwandani huishika minyororo hiyo isitengane kabisa, na ndiyo maana mpira hauyeyuki ukaisha. Badala yake huvimba, wakati mwingine ujazo wake ukazidi maradufu, ukalainika na kupoteza nguvu. Mpira wa butili, unaotumika sana kutengenezea tyubu, hupatwa na hayo hayo. Kipande cha tyubu kinachofunga vizuri gunia kwenye keria hakifai kabisa kuzungushiwa mahali petroli inapovuja.

Jibu la tatizo hili lilipatikana Ujerumani miaka ya 1930, wanakemia walipounganisha butadieni na akrilonitrili wakapata mpira wa nitrili, ambao leo huandikwa kwa kifupi NBR. Ndani ya minyororo yake kuna vikundi vya kaboni na nitrojeni vyenye chaji hasi upande mmoja na chanya upande wa pili. Vikundi hivyo huvutana vyenyewe kwa vyenyewe, na molekuli za petroli, ambazo karibu hazina mgawanyiko huo wa chaji, hukosa pa kupenya. Akrilonitrili ikizidi, mpira hustahimili petroli zaidi, lakini hukakamaa upesi kwenye baridi kali. Hilo ni la kuwasumbua watu wa Norway. Kwa watu wa Bariadi halina uzito wowote.

Udhaifu wa nitrili uko nje: jua na gesi ya ozoni iliyomo hewani hukata vifungo vya minyororo yake, hasa pale mpira ulipovutwa au kupindwa. Nyufa ndogo za kwanza huonekana kwenye kona na karibu na klipu. Kwa sababu hiyo mpira mzuri hutengenezwa kwa tabaka: nitrili ndani, nyuzi za kuimarisha katikati, na ganda la mpira wa aina nyingine unaostahimili hali ya hewa. Ukikatwa, tabaka hizo zinaweza kuonekana kwenye mkato.

Mirija myangavu huwavutia wengi kwa kuwa petroli inaonekana ikipita. Ile ya PVC, jamaa ya mrija wa dripu na ule wa fundi mwashi wa kupimia usawa wa msingi, hulainishwa kwa kemikali ambayo petroli huinyonya kidogo kidogo. Mrija hugeuka njano, hukakamaa, husinyaa, kisha huchomoka kwenye mdomo wa koki. Mwangavu wa poliurethani huivumilia petroli, ila joto kali la injini si rafiki yake. Silikoni ina sifa ya kuhimili joto, na sifa hiyo hudanganya, kwani silikoni ya kawaida huvimba kwenye petroli na kupitisha mvuke wake. Mpira wa rejeta nao ni mweusi na imara, lakini mara nyingi ni wa EPDM, uliotengenezwa kwa ajili ya maji ya moto, na petroli huuharibu. Rangi, basi, haithibitishi chochote.

Maandishi ubavuni yanasaidia zaidi. SAE 30R7 ni alama ya mpira wa mafuta wa shinikizo dogo, unaofaa kabureta. DIN 73379 ni kiwango cha Ujerumani. Pasipo maandishi, kipande cha sentimita chache kinaweza kulowekwa kwenye petroli ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, nje ya nyumba na mbali na moto, kwa siku mbili. Nitrili nzuri huvimba kidogo tu. Kipande kilichorefuka waziwazi, kilicholegea au kilichoipaka petroli rangi hakifai.

Kipenyo cha ndani hulingana na mdomo wa koki na wa kabureta, mara nyingi milimita 5 au 6, na kalipa hupima kwa uhakika kuliko jicho. Mpana zaidi hauongezi nguvu: pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hunywa mililita 25 tu kwa dakika.

Njia ya mpira ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi, ambayo maji yake hutiririkia ziwani, iko juu zaidi. Hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam na uchemkaji huja mapema. Mpira ukigusa silinda, mapovu huziba njia na injini huzima, kisha huwaka tena ikipoa. Lawama huangukia plagi, nayo hubadilishwa bila faida. Mpira unatakiwa ushuke moja kwa moja, bila kupanda wala kujikunja, mbali na silinda na ekzosi.

Pikipiki zenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa pampu ni habari nyingine. Shinikizo lake hufikia kilopaskali 300 hivi, zaidi ya mara 130 ya kabureta, na zinahitaji daraja la 30R9 au mpira wa mtengenezaji pamoja na viungio vyake.

Wakati wa kufunga, mpira hukatwa kwa wembe mkali, ukiwa umenyooka. Ukigoma kuingia, ncha huchovywa kwenye maji ya moto, kisha hukaushwa. Klipu ya springi hubana sawasawa pande zote. Waya wa kufungia nondo huukata mpira. Kisha koki hufunguliwa dakika kadhaa kabla ya kuwasha injini ili kukagua kama kuna uvujaji, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini karibu na ekzosi, na hushika moto ukifikia asilimia 1.4 tu ya hewa.