Kuunganisha Daftari la Jupyter na Blender (2)

Makala iliyopita ilieleza jinsi daftari la Jupyter linavyofanya kazi: unaandika mistari michache ya Python kwenye kisanduku, unabonyeza Shift na Enter, na jibu linatokea chini yake papo hapo. Leo tunalipeleka daftari hilo kwenye Blender, programu ya bure ya kuchonga maumbo ya pande tatu. Blender ilianzia Uholanzi mikononi mwa Ton Roosendaal. Kampuni iliyoimiliki ilipofilisika, wapenzi wake walichanga euro 100,000 kuikomboa, na Oktoba 2002 msimbo wake ukawekwa wazi kwa umma.

Ndani ya Blender mna Python yake yenyewe, na moduli iitwayo bpy inafungua karibu kila kitu kilichomo: maumbo, taa, kamera, rangi. Kinachokosekana ni pa kuandikia. Kihariri chake huendesha hati nzima upya kila unapobadili namba moja, na hakina nafasi ya kuweka maelezo na grafu kando ya msimbo.

Tuchukue Kilimanjaro. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu, na data zake hutolewa bure. Faili lenye mlima wetu, S04E037, lina safu 3,601, na kila safu ina nukta 3,601: jumla karibu milioni 13. Daftarini unalisoma kwa NumPy, maktaba ya Python ya kushughulikia namba, unachukua nukta moja katika kila kumi kwa safu na kwa nguzo, na unabaki na 130,321. Kabla ya kuchonga chochote, tazama namba ndogo kuliko zote. Katika matoleo ya mwanzo ya data hizi, mahali ambapo rada haikuona kitu paliandikwa -32,768. Ukiipitisha namba hiyo bila kuikagua, mlima wako utatobolewa shimo la kilomita 32.

Ukishasafisha, unaikabidhi orodha ya nukta na nyuso kwa amri ya bpy iitwayo from_pydata, na mlima unasimama kwenye dirisha la Blender. Hapo utaona jambo linalowashangaza wengi: kwa vipimo vyake halisi unaonekana bapa. Eneo la faili lina upana wa kilomita 111 hivi, na kilele hakifiki hata kilomita 6. Itabidi uzidishe kimo, lakini mara ngapi? Mara mbili? Mara tatu? Hakuna hesabu itakayokujibu; ni jicho ndilo litakaloamua. Ndiyo maana nashikilia kwamba daftari na dirisha viunganishwe moja kwa moja: ubadili namba, uone, ubadili tena.

Muunganisho wenyewe unategemea muundo wa Jupyter. Ukurasa unaouona na kiini kinachoendesha msimbo ni vitu viwili tofauti, vinavyotumiana ujumbe. Faili dogo, kernel.json, hutaja amri ya kuanzisha kiini. Badala ya Python ya kawaida, andika humo amri ya kuwasha Blender pamoja na hati inayoanzisha kiini ndani yake. Kuanzia hapo kila kisanduku kinatekelezwa ndani ya Blender.

Ugumu unaanzia hapo, maana mafahali wawili hawakai zizi moja. Blender ina mzunguko wake usiokoma wa kusikiliza kipanya na kuchora skrini; kiini nacho kina mzunguko wake wa kusubiri ujumbe. Kiini kikitwaa nafasi, dirisha linaganda. Ukikiweka kwenye uzi (thread) wa pembeni na kuita bpy kutoka huko, Blender inaweza kuanguka ghafla, kwa sababu data zake hazikuundwa kuguswa na nyuzi mbili kwa pamoja. Dawa ni kuiachia Blender uongozi. Tangu toleo 2.80 la mwaka 2019 kuna bpy.app.timers, inayoita kazi yako kila baada ya muda mfupi, tuseme sekunde 0.05, kwenye uzi mkuu. Kila inapoitwa, kiini kinashughulikia ujumbe uliopo kisha kinarudisha nafasi. Kisanduku kizito bado kitagandisha dirisha mpaka kiishe, kwa hiyo gawa kazi kubwa katika visanduku vidogo.

Wengi hukwama kwenye usakinishaji. Kifurushi cha ipykernel, chenye kiini chenyewe, lazima kiwekwe kwenye Python ya Blender, si ile ya kompyuta. Ukikosea, kiini kitakufa mara tu kinapowashwa.

Ukifunga Blender, vigeu vyote vinapotea na daftari linabaki na maandishi na matokeo yake tu, kwa hiyo hifadhi pia faili la .blend. Kisanduku cha kwanza nacho kifute vilivyomo kwenye mandhari. La sivyo, kila unapoendesha daftari upya utarundika mlima juu ya mlima. Makala ijayo itahusu rangi na mwanga.