Mlima Uliorudi kwa Wananchi

Ndugu wafanyakazi, chamani tumezoea kudai mishahara na saa za kazi. Leo tuzungumze juu ya mapumziko. Mtu akimaliza juma zima mbele ya mashine, aende wapi kuvuta hewa safi, ikiwa kila kilima kina mwenyewe?

Swali hilo liliwasumbua wafanyakazi wa Manchester, mji wa viwanda huko Uingereza. Karibu na mji huo upo mlima Kinder Scout, wenye kimo cha meta 636. Wafanyakazi waliutazama kwa mbali tu. Mabwana wenye ardhi walikuwa wameutenga kwa kuwinda ndege, na walinzi wenye fimbo waliwafukuza wapita njia.

Jumapili tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana walikusanyika Hayfield, wakaupanda mlima huo kwa pamoja. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Benny Rothman, kijana wa miaka 20. Walipambana na walinzi. Vijana watano walifungwa jela, kati ya miezi 2 na 6. Rothman alipata miezi 4. Kifungo hakikumvunja moyo. Baadaye alikuwa mpiganaji shupavu wa chama cha mafundi mitambo.

Adhabu ile iliwaudhi wananchi wengi, na madai yakaendelea. Mwaka 1949 ilitungwa sheria ya hifadhi za taifa na ya kuwafungulia watu njia za mashambani. Mwaka 1982, miaka 50 baada ya mapambano, Kinder Scout ulinunuliwa na National Trust. Shirika hili, lililoanzishwa mwaka 1895, hushika ardhi kwa amana kwa faida ya umma. Kwa sheria ya mwaka 1907, ardhi ambayo shirika limetangaza kuwa ya kudumu haiuzwi wala haiwekwi rehani.

Lakini kufungua lango hakukutosha. Mlima ulikuwa mgonjwa. Moshi wa viwanda ulikuwa umeua mimea, kondoo walikuwa wengi mno, na moto uliacha udongo mweusi wa mboji ukiwa uchi. Udongo huo hunywa maji kama sifongo. Ukichukuliwa na mvua, mito huchafuka na mabonde hupata mafuriko. Kwa hiyo kondoo walipunguzwa, makorongo yakazibwa, nyasi na mimea mingine ikapandwa. Mwaka 2009 Kinder ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya viumbe.

Shirika hilo pia lina wakulima wapangaji wengi nchini humo. Hapa pana jambo la kupima. Mfugaji akiambiwa apunguze mifugo, mapato yake nayo hupungua. Hifadhi inayomsahau mkulima humfanya awe adui wa hifadhi. Ndiyo maana malipo yake na kodi yake lazima vizungumzwe mezani kabla ya uzio kujengwa.

Sisi tunaofanya kazi katika mashamba makubwa tunajua maana ya kulima ardhi ambayo jioni haturuhusiwi kuikalia. Funzo la Kinder ni hili: wanyonge walitembea pamoja, wakalipa kwa jela, na leo wajukuu wao wanapanda mlima bila kufukuzwa. Ndugu, kwenye mkutano ujao wa tawi, tuulizane: kiwanja cha watoto wetu kiko wapi, na hati yake imeshikwa na nani?

Umoja ni nguvu.