USIDANGANYWE NA MSHALE WA FONIA

Ndugu mfanyakazi, mvua ikiharibu barabara kati ya Kabambare na Kasongo, fonia inamfikia muganga kabla ya gari. Mama anayetokwa damu akizaa hawezi kungoja. Basi ukiona mshale wa S haupandi, usiseme upesi: "Fonia imekufa!" Mshale huo unaonyesha tu nguvu ya mawimbi yanayoingia, S1 mpaka S9. Mwenzako akinyamaza, kushuka kwake ni kawaida. Fuata haya:

1. Tega sikio. Ukimsikia mwenzako vizuri na mshale umelala kwenye sifuri, huenda kilichoharibika ni kipimo tu. Toa habari ya mgonjwa kwanza!

2. Mshale uko juu na husikii mtu? Angalia kifungo cha RF. Katika mashine nyingi, ukikipunguza mshale unapanda na sauti inapotea. Kizungushe kuume mpaka mwisho.

3. Zima jenereta iliyo karibu. Makelele yake pia yanapandisha mshale.

4. Zima fonia, chomoa antena, washa tena, sikiliza. Makelele yakipungua sana, antena inapokea. Yasipobadilika, tafuta kutu, maji au waya uliokatika. Usibonyeze kifungo cha kusema bila antena: mashine inaweza kuungua.

5. Andika kosa katika daftari, mwite fundi. Usifungue sanduku mwenyewe.

Usishike antena mtu akisema: inaunguza. Radi ikinguruma, kaa mbali nayo kabisa.

Mwonyeshe na mwenzako wa zamu ya usiku.