Nadharia za Kujifunza na Mafunzo ya Michezo Shuleni

Katika viwanja vingi vya shule, ifikapo saa kumi alasiri, huonekana wanafunzi wamejipanga mstari mmoja mbele ya kikapu. Kila mmoja hutupa mpira mara kumi mfululizo kutoka mahali pale pale, kisha humwachia mwenzake. Mwalimu huandika idadi ya mipira iliyoingia, na siku ya Ijumaa huteua timu kwa kulitazama daftari hilo. Utaratibu huu una sura ya haki na hata ya kisayansi. Hata hivyo, daftari hilo laweza kumdanganya mwalimu na kumnyima nafasi mwanafunzi aliyejifunza kweli.

Kiini cha tatizo ni kuchanganya mambo mawili. Jambo la kwanza ni utendaji, yaani yale yanayoonekana wakati wa mazoezi. La pili ni kujifunza, yaani badiliko linalodumu baada ya mazoezi kwisha. Utendaji huonekana kwa macho. Kujifunza hakuonekani mpaka muda upite.

Uchunguzi wa kisayansi juu ya kujifunza ulianzia mbali na viwanja vya michezo. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio yake juu ya paka wenye njaa waliofungiwa katika visanduku, ambavyo milango yake ilifunguka mnyama alipovuta kamba au kukanyaga kibao. Paka hao hawakugundua siri kwa ghafla. Walipapasa, wakakosea, na polepole vitendo visivyo na faida vikapungua. Thorndike akahitimisha kwamba kitendo kinachofuatwa na matokeo ya kuridhisha huimarika. Katika miaka ya 1930 alisahihisha fikra zake mwenyewe, akaeleza kuwa adhabu haidhoofishi kosa kwa nguvu ile ile ambayo tuzo huimarisha kitendo sahihi. Mwalimu anayemzungusha uwanja mara tano mwanafunzi aliyekosa goli anamchosha miguu tu, hamfundishi kufunga.

Thorndike alionyesha pia kwamba watu waliofungwa macho na kutakiwa kuchora mistari ya urefu fulani hawakuendelea kamwe, hata waliporudia mara nyingi sana, mpaka walipoambiwa kama wamepatia au wamekosea. Kwa hiyo kurudia pekee hakutoshi. Lazima iwepo taarifa ya matokeo. Lakini taarifa nayo ina kipimo chake. Mwaka 1990 Winstein na Schmidt walilinganisha watu walioarifiwa matokeo kila mara na wengine walioarifiwa nusu ya mara tu. Walipopimwa siku ya pili bila kuambiwa lolote, wale wa nusu ndio waliofanya vizuri zaidi. Yaelekea kocha anayepiga kelele kila mpira unapotupwa humzoeza mchezaji kumtegemea yeye, badala ya kusikiliza mkono wake mwenyewe.

Jaribio lenye mafunzo makubwa zaidi kwa walimu ni lile la Kerr na Booth, lililochapishwa mwaka 1978. Watoto wenye umri wa miaka 8 walitupa vifuko vidogo vya maharage kuelekea shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa umbali wa futi 3 tu. Kundi la pili lilitupa kwa futi 2 na kwa futi 4, wala halikuwahi kuigusa futi 3. Baada ya majuma 12 wote walipimwa kwa futi 3, na waliokuwa wageni wa umbali huo ndio walioshinda. Matokeo haya yanaafiki nadharia ya Schmidt ya mwaka 1975: ubongo hauweki akiba ya kila mtupo, bali hujenga kanuni inayohusisha nguvu, umbali na matokeo. Mitupo ya aina nyingi huikamilisha kanuni hiyo.

Mpangilio wa mazoezi nao una athari. Mwaka 1979 Shea na Morgan waliwafundisha watu mijongeo mitatu ya mkono. Waliomaliza mmoja kabla ya kuanza mwingine walionekana hodari mazoezini. Waliochanganyiwa yote mitatu walisuasua. Siku 10 baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1986 Goode na Magill walipata hali kadhalika katika mpira wa vinyoya: wanawake waliochanganya aina tatu za mpigo wa kuanzisha waliukumbuka ujuzi vizuri zaidi, na hata walipohamishiwa upande wa pili wa uwanja walitangulia. Huenda sababu ni kwamba kila badiliko humlazimisha mchezaji aupange upya mwendo wake, na kupanga huko ndiko kujifunza.

Nadharia si msahafu, lakini. Mwaka 2005 Keetch na wenzake waliwachunguza wachezaji hodari wa kikapu, wakakuta kwamba kwenye mstari wa mtupo huru, futi 15 kutoka kikapuni, walilenga vizuri kuliko ilivyotarajiwa kwa kulinganisha na umbali mwingine. Maelfu ya marudio mahali pamoja, basi, huacha alama yake. Na mwanafunzi ambaye hajajua hata kuushika mpira anastahili kurudia jambo moja kwanza, apate umbo lake.

Kwa shule yenye mipira miwili na wanafunzi arobaini, mabadiliko haya hayadai fedha. Jivu au chokaa hutosha kuchora alama tano za umbali na pembe mbalimbali, na mwanafunzi akahama alama kila baada ya mtupo mmoja. Daftari nalo lisifunguliwe mwisho wa mazoezi, bali mwanzoni mwa kipindi cha juma linalofuata, kabla ya mpira wowote kurushwa kwa kujipasha moto: mitupo kumi kwa kila mwanafunzi, kutoka alama ambayo hakuifanyia mazoezi.