Nairobi hadi New York: Hesabu saa, si kilomita pekee

Umepata nafasi ya chuo Marekani, viza imetoka, sasa uko kwa simu unasaka tiketi. Ukiuliza mtandao kutoka JKIA hadi JFK ni umbali gani, unajibiwa kama kilomita 11,800. Ndege kubwa hukimbia takriban kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata saa 13 hivi. Ngoja kwanza.

Ndege ya moja kwa moja, safari ambayo Kenya Airways ilianzisha Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Viwanja ni vile vile, kinachobadilika ni upepo. Kule juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unapambana nao, ukirudi unakusukuma mgongoni.

Sasa soma tiketi vizuri. Saa zilizoandikwa ni za kila mji. Tuseme unatoka Nairobi saa tano usiku na kutua New York saa kumi na mbili asubuhi. Kwa macho ni saa saba tu. Lakini kati ya Novemba na Machi New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Jumlisha: 15. Miezi mingine tofauti huwa saa saba.

Kuna mtego mwingine, na huu ndio huachisha watu ndege. Tiketi ikisema Jumamosi tarehe 15, 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Yaani Ijumaa saa tatu u nusu usiku unafaa kuwa tayari uko uwanjani. Ukifika Jumamosi usiku na masanduku na familia nzima, ndege yako iliondoka jana.

Halafu kuna bei. Tiketi ya kupitia mji mwingine mara nyingi huwa nafuu, lakini unalipa kwa muda. Kupitia Doha, kwa mfano, ni kama saa tano, kisha kama 14 tena, jumla takriban kilomita 14,000. Ongeza kungoja saa sita hapo katikati, zinakuwa 25.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa, uliza mambo matatu. Safari nzima ni saa ngapi, mlango hadi mlango? Je, kule katikati nahitaji viza? Nchi zingine huidai hata kama hutoki uwanjani. Na je, hii ni tiketi moja au ni mbili zimeunganishwa? Zikiwa mbili tofauti na ndege ya kwanza ichelewe, ile ya pili haina deni na wewe. Unanunua upya.

Pesa za tiketi hiyo pengine zilitoka kwa harambee, au mzazi aliuza shamba. Dakika kumi za hesabu hazikugharimu kitu.